Kipima mwendo cha baiskeli: rahisi kinatosha, kipimo sahihi ndicho cha lazima

Septemba 2025 Kigali iliandaa Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani, na ilikuwa mara ya kwanza mashindano hayo kufanyika barani Afrika. Wanaume walipanda na kushuka vilima vya jiji hilo kwa zaidi ya kilomita 260 kabla ya Tadej Pogačar wa Slovenia kutwaa ubingwa. Waliotazama kwenye runinga waliona pia kwamba karibu kila usukani ulibeba kifaa kidogo chenye kioo, cha aina inayopokea mawimbi ya satelaiti na kuonyesha ramani, mapigo ya moyo na nguvu ya miguu kwa wati. Mwendesha baiskeli wa Arusha, Kisumu au Bujumbura akivitamani vifaa hivyo, hana kosa. Tatizo linaanzia dukani. Wapo wanaojinyima mpaka wakanunua kifaa cha gharama kubwa ambacho sehemu kubwa ya uwezo wake hawataigusa kamwe. Wapo pia wanaosikia bei, wakahitimisha kwamba kupima safari ni mambo ya wanamichezo, wakaondoka mikono mitupu. Wote wawili wamepoteza kitu.

Makala haya yanatetea njia ya tatu. Kwa mtu anayekwenda kazini kwa baiskeli, anayefanya mazoezi mwisho wa wiki, au anayepata riziki yake juu ya magurudumu mawili, kipima mwendo cha kawaida kisichotumia waya, chenye namba tano au sita tu kwenye kioo, kinatosha. Ukweli wa namba zake hautokani na bei bali na dakika chache ambazo mwenye baiskeli anazitumia kupima gurudumu lake. Tena faida yake kubwa haiko kwenye kasi, ambayo ndiyo kila mnunuzi huikimbilia kwanza. Iko kwenye jumla ya kilomita, namba inayosogea polepole na ambayo wengi huisahau.

Kanuni ya kifaa hiki ni kongwe. Mwaka 1895 Mmarekani Curtis Veeder, wa mjini Hartford, Connecticut, alibuni kihesabio kidogo cha baiskeli. Pini iliyofungwa kwenye spoki iligonga kigurudumu chenye meno kila tairi lilipomaliza mzunguko mmoja, na tarakimu zikasogea. Kifaa cha leo kinafanya hesabu ileile. Pini imekuwa sumaku, na kigurudumu cha meno kimekuwa swichi yenye vibamba viwili vyembamba vya chuma ndani ya kichupa cha kioo kilichozibwa, aina iliyobuniwa mwaka 1936 na Walter Ellwood wa maabara za Bell nchini Marekani. Sumaku ikipita, vibamba vinagusana, ikiondoka, vinaachana. Kila mguso ni mzunguko mmoja wa gurudumu. Sensa iliyofungwa kwenye uma wa mbele hurusha taarifa hiyo hewani hadi kwenye kioo kilichopo usukanini, nacho huzidisha idadi ya mizunguko kwa urefu wa mzunguko mmoja. Baiskeli yenye gurudumu la mita 2.1 ikienda kilomita 20 kwa saa, sumaku hupita mbele ya sensa kati ya mara mbili na tatu kila sekunde. Kazi yote ni hiyo. Haihitaji satelaiti, bando la intaneti wala akaunti ya kufungua.

Hapo ndipo linapotoka jambo ambalo wauzaji hawapendi kulisisitiza: usahihi haununuliwi. Kikifungwa vizuri, kifaa cha bei ya chini huhesabu mizunguko sawasawa na cha bei ya juu, maana kuhesabu moja, mbili, tatu si kazi ngumu kwa kifaa chochote cha elektroniki. Kinachoweza kuleta uongo ni urefu wa mzunguko, namba ambayo mwenye baiskeli huiingiza mwenyewe kwa milimita siku ya kwanza. Majedwali yanayokuja na vifaa hivi huonyesha, kwa mfano, milimita 2,050 kwa tairi la 26 kwa 1.95, milimita 2,105 kwa tairi jembamba la 700 kwa 25, na milimita 2,288 kwa tairi la 29 kwa 2.1. Baiskeli nyeusi za inchi 28 zinazobeba mizigo vijijini kwetu, kama Phoenix na nyingine za ukoo huo, kwa kawaida huvuka milimita 2,200, na mara nyingi hazimo kabisa kwenye majedwali hayo. Tuseme gurudumu lina milimita 2,220, lakini kifaa kimeachwa kwenye 2,096, ambacho ni kipimo cha tairi la mashindano la 700 kwa 23. Kila kilomita 100 za kweli zitasomeka kama 94.4. Anayeendesha kilomita 4,000 kwa mwaka atakuwa amepoteza zaidi ya kilomita 220 kwenye hesabu zake, na hakuna kiasi cha fedha alicholipa dukani kitakachomrudishia.

Kupima mwenyewe ni rahisi, na ni vizuri kuliko kutegemea jedwali. Jaza upepo kama unavyojaza siku zote. Simamisha baiskeli kwenye sakafu ya saruji, valvu ya gurudumu la mbele ikiwa chini kabisa, na uchore alama ya chaki sakafuni mkabala nayo. Kaa kwenye kiti kwa uzito wako wote huku mwenzako akikushikilia, kisha msogee mbele kwa mstari ulionyooka hadi valvu irudi chini kwa mara ya tatu. Chora alama ya pili, pima umbali kati ya alama hizo kwa futi kamba, ugawanye kwa tatu. Kuna sababu ya kila hatua. Kukaa juu ya baiskeli kunalibonyeza tairi, na tairi lililobonyea huenda umbali mfupi kidogo kwa kila mzunguko kuliko lisilo na mzigo. Mizunguko mitatu inapunguza kosa la mkono: ukikosea milimita 6 katika kusoma futi kamba, kosa hilo linabaki milimita 2 tu kwa mzunguko. Na kwa kuwa tairi huisha, kipimo nacho hubadilika. Tairi lililolika milimita 2 limepoteza zaidi ya milimita 12 za mzunguko, sawa na asilimia 0.6 hivi. Ndiyo maana inafaa kupima upya kila unapobadilisha tairi la mbele.

Asiyeamini sakafu yake anaweza kuiuliza barabara. Kandokando ya barabara kuu nyingi kuna nguzo za kilomita, na kipande kilichonyooka chenye bega pana kinafaa kwa jaribio. Chagua nguzo mbili zilizoachana kilomita 10, na usome kifaa kwenye ya kwanza na ya mwisho. Ikiwa kimeonyesha kilomita 9.80 wakati umekiwekea milimita 2,100, zidisha 2,100 kwa 10 kisha ugawanye kwa 9.80, utapata 2,143, na hicho ndicho kipimo kipya cha kuingiza. Fanya hivyo asubuhi mapema siku ya mapumziko, magari yakiwa machache, na usome namba ukiwa umesimama. Yupo atakayesema nguzo nazo huweza kuwa zimesimikwa pasipo usahihi kamili. Ni kweli, na ndiyo maana kilomita 10 ni bora kuliko moja: kosa la mita chache kwenye nguzo moja humezwa na urefu wa safari.

Tukiisha kukubaliana kwamba usahihi uko mikononi mwa mwenye baiskeli, suala la kuchagua linakuwa jepesi. Sharti la kwanza ni kwamba kifaa kikubali kuingiziwa mzunguko wa gurudumu kwa milimita. Vipo vya bei ya chini vinavyokulazimisha kuchagua saizi chache tu zilizopangwa kiwandani, na hivyo havimfai mwenye gurudumu la inchi 28. Sharti la pili ni kwamba jumla ya kilomita iweze kuandikwa upya baada ya kubadilisha betri. Katika vifaa vingi vya kawaida, kutoa betri kunafuta kumbukumbu, na kisichokubali kurudishiwa namba yake ya zamani kinakurudisha sifuri kila mara. La tatu ni betri inayopatikana mtaani. Ile bapa iitwayo CR2032 iko kwa mafundi saa, kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta na kwa wauza rimoti za magari. Jina lake lenyewe linataja kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Baada ya hapo angalia kama kioo kinasomeka juani, kama mpira wa kuzuia maji umekaa vizuri kwenye mfuniko wa betri, na kama tarakimu ni kubwa kiasi cha kuonekana bila kuinama.

Kwa upande wa namba zenyewe, zinazohitajika ni chache: kasi ya sasa, umbali wa safari, muda wa kuendesha, wastani wa kasi, jumla ya kilomita na saa. Orodha ndefu iliyochapishwa kwenye boksi isikuvute. Chukua mfano wa kalori, ambazo vifaa vingi vya bei nafuu hujigamba kuzionyesha. Kifaa kinachojua kasi tu hakijui kama unapanda mlima wa Soni au unashuka, kama upepo wa baharini unakupiga kifuani au mgongoni, wala kama nyuma ya kiti kuna gunia la mkaa. Kinachukua kasi na kuipitisha kwenye kanuni ya jumla. Namba inayotoka haiwezi kutegemewa katika kupanga chakula wala kupunguza uzito, na kulipa zaidi kwa ajili yake ni kutupa fedha.

Hapa linakuja pingamizi la kwanza, na lina uzito: kwa nini kisichotumia waya, wakati cha waya ni rahisi zaidi, kinatumia betri moja badala ya mbili, na hakiingiliwi na mawimbi ya kitu kingine? Mafundi wanaosema hivyo hawajakosea. Vifaa vya kawaida visivyo na waya hutumia mawimbi dhaifu ya analogi, yanayofika sentimita 60 hadi 70 tu, na taa ya LED iliyofungwa karibu, nyaya za umeme mkubwa, au sensa ya namna hiyohiyo kwenye baiskeli ya jirani huweza kuyavuruga. Dalili yake haijifichi: kioo kinaonyesha kasi isiyowezekana, au kinashuka ghafla hadi sifuri huku gurudumu likizunguka. Hata hivyo tuangalie maisha ya baiskeli zetu. Baiskeli inafungiwa kikapu mbele, inalazwa juu ya keria ya basi, inaegemezwa ukutani pamoja na nyingine kumi. Ikipata pancha, fundi anaipindua miguu juu, usukani chini. Katika mazingira hayo waya mwembamba unaopanda kutoka kwenye uma hadi usukanini ndio huwa wa kwanza kunasa na kukatika, na ukikatika kifaa kizima kinakuwa hakina kazi. Usumbufu wa mawimbi una dawa: sogeza taa upande wa pili wa usukani, au, kama bajeti inaruhusu, chukua aina inayotuma taarifa kwa dijiti, ambayo kila kioo kinaitambua sensa yake na kupuuza za wengine. Kwa anayeendesha baiskeli nyepesi isiyobeba mzigo na ambaye hana haja ya kuifungua mara kwa mara, cha waya bado ni chaguo la haki. Kwa walio wengi, kisichotumia waya kinastahimili zaidi.

Kukifunga kunataka subira kidogo, na makosa mengi yanayodaiwa kuwa ya kiwanda ni ya ufungaji. Sensa hukaa kwenye mguu mmoja wa uma wa mbele, uso wake ukitazama spoki, na sumaku hufungwa kwenye spoki ili ipite mbele ya mstari uliochorwa kwenye sensa. Nafasi kati yao isizidi milimita 5. Zungusha gurudumu kwa mkono: kioo kikionyesha kasi, uko salama, kisipoonyesha, sogeza sumaku juu au chini kando ya spoki kabla ya kulaumu betri. Chini ya sensa weka kipande cha tyubu kuukuu ili isiteleze, kisha kaza vifungio vya plastiki na ukate mikia yake. Baiskeli za inchi 28 zina mambo yake. Usukani wake uko juu, hivyo sensa ikifungwa karibu na ekseli inaweza kuwa nje ya masafa ya kioo. Ipandishe kwenye uma, na sumaku nayo ipande. Kama kuna dainamo upande mmoja wa uma, sensa ikae upande wa pili. Kama spoki ni nene, za kazi ya mizigo, jaribu sumaku hapohapo dukani, kwa kuwa kishikizo cha nyingi kimetengenezwa kwa spoki nyembamba. Kioo chenyewe huchomoka kwenye kitako chake kwa kukisukuma au kukizungusha kidogo. Kichomoe kila unapoiacha baiskeli sokoni, na kila fundi anapotaka kuipindua, maana uzito wa baiskeli nzima utatua juu yake.

Pingamizi la pili ni la zama hizi: simu ya mkononi ina kila kitu, na programu za kurekodi safari kama Strava zinaweza kutumika bila malipo. Anayetaka kuona njia aliyopita kwenye ramani, au kulinganisha muda wake na wenzake, simu inamfaa kweli, na makala haya hayamzuii. Lakini kazi ya kuhesabu kilomita za kila siku ni kazi nyingine. Simu hukadiria mahali ulipo kwa tofauti ya takriban mita 5 chini ya anga wazi, na zaidi ya hapo chini ya miti mikubwa au katikati ya majengo marefu. Kisha huunganisha makadirio hayo kwa mistari, ikikata kona na wakati mwingine kuongeza mita ukiwa umesimama kwenye taa. Gurudumu halikati kona. Simu ikiachwa wazi usukanini hula chaji ambayo utaihitaji ukipata dharura, kioo chake hufifia juani, na mtaani inawaita vibaka. Mwendesha baiskeli mwenye busara anaiacha simu mfukoni ikiwa na chaji, na anaacha kifaa kisichomvutia mwizi kifanye hesabu. Betri zake, kwa matumizi ya kawaida, hukaa miezi mingi, na nyingi hufika mwaka.

Sasa tufike kwenye kiini cha hoja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na baiskeli ni mali. Anayekwenda kazini kilomita 8 na kurudi 8, siku tano kwa wiki, anamaliza kilomita 80 kwa wiki na karibu 4,000 kwa mwaka. Katika safari hizo cheni inarefuka, mipira ya breki inalika, tairi linapoteza meno. Bila kilomita, kumbukumbu pekee ya mwenye baiskeli ni kwamba cheni hii niliinunua zamani kidogo. Akiwa na jumla ya kilomita, anaandika kwenye daftari: cheni mpya, 1,240, tairi la nyuma, 2,015. Mwaka ukiisha anajua jambo ambalo hakuna muuzaji atakayemwambia. Tuseme cheni moja inauzwa shilingi 15,000 na imedumu kilomita 2,000. Hiyo imemgharimu shilingi 7.5 kwa kila kilomita. Nyingine ni shilingi 25,000 na imedumu kilomita 5,000; imemgharimu shilingi 5. Iliyoonekana ghali ndiyo rahisi, na ushahidi uko kwenye daftari lake, kwa barabara zake na mzigo wake mwenyewe. Kilomita pia humkumbusha kukagua kabla mambo hayajaharibika. Cheni mpya ya kawaida, pingili 24 zake zina urefu wa milimita 304.8, zikifika 307 hivi, imeanza kula meno ya gia, na kuibadilisha wakati huo kunaokoa vipuri vya bei kubwa zaidi.

Kwa anayefanya biashara, hesabu hii inagusa mlo wa familia. Bodaboda zenyewe, kabla ya kuwa pikipiki, zilianza kama baiskeli zilizovusha watu mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, na hadi leo katika miji mingi ya kandokando ya Ziwa Viktoria na kwingineko zipo baiskeli zinazobeba abiria, maziwa, samaki na maji. Mchuuzi anayejua kwamba mzunguko wake wa kila siku ni kilomita 34, na kwamba matengenezo ya mwaka mzima yakigawanywa kwa kilomita yanatoa gharama fulani, anajua bei ambayo akishuka chini yake anafanya kazi ya hasara. Anayekisia tu huona fedha ya mauzo jioni na kuiita faida, hadi siku ringi itakapopasuka. Kifaa cha bei ndogo kinachomwonyesha tofauti hiyo kinajilipa chenyewe.

Namba nyingine inayohitaji kusomwa kwa akili ni wastani wa kasi. Wengi hudhani ukipanda kilomita 15 kwa kasi ya 10 na kushuka kilomita hizohizo kwa kasi ya 30, wastani wako ni 20. Sivyo. Umetumia saa moja na nusu kupanda na nusu saa kushuka: kilomita 30 kwa saa mbili, wastani 15. Mlima unakula muda ambao mteremko hauwezi kuurudisha, na anayepanga kutoka Mombo kwenda Lushoto na kurudi kabla ya giza akumbuke hilo. Aidha, vifaa vingi husimamisha saa ya safari gurudumu likisimama. Wastani wa 18 kwenye safari ya kilomita 60 unamaanisha saa tatu na dakika 20 za kukanyaga pedeli, bila kuhesabu chai, pancha na mvua ya kujikinga. Wanaojiandaa kwa safari ndefu, kama msafara wa Twende Butiama unaotoka Dar es Salaam hadi Butiama kumuenzi Mwalimu Nyerere, hawana budi kujua wastani wao wa kweli wakiwa na mzigo, si ule wa asubuhi moja ya Jumapili wakiwa wepesi.

Lipo pingamizi la tatu, nalo linatolewa na watu wanaoipenda baiskeli kwa dhati: namba zinaharibu raha, tena zinaleta ajali, kwa kuwa mtu anatazama kioo badala ya barabara. Sehemu ya pili ya pingamizi hili naikubali bila masharti. Kwa kasi ya kilomita 20 kwa saa, macho yakikaa kwenye kioo sekunde mbili, baiskeli imekwenda mita 11 bila mtu kutazama njia, na kwenye barabara zetu mita 11 zinatosha kuwa na shimo, mtoto na bajaji. Kwa hiyo ukiingia mjini, weka kioo kwenye umbali wa safari au saa, namba zisizobadilika haraka na zisizoita macho, na usome mengine ukishasimama. Kuhusu raha, ninashikilia kwamba kinachoiharibu ni kushindana na kila namba, na kifaa rahisi kinachochea ushindani huo kidogo kuliko kingine chochote. Hakitangazi safari yako kwa marafiki, hakikupi nafasi kwenye orodha ya washindi, hakikulilii ukipumzika siku mbili. Kinaweka hesabu na kunyamaza.

Tahadhari moja inahitaji kusemwa kwa uzito. Betri bapa zinazotumika kwenye vifaa hivi ni hatari kubwa kwa watoto wadogo. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili. Zilizokwisha na zilizo mpya zihifadhiwe mbali nao, na ukishuku mtoto amemeza, mpeleke hospitali mara moja bila kungoja dalili. Unapobadilisha betri, andika kwanza jumla ya kilomita na mzunguko wa gurudumu kwenye daftari, ili uvirudishe kifaa kikiamka. Hakikisha pia kimewekwa kwenye kilomita na si maili. Kilomita 60 zinazosomeka kama 37 zimewafanya wengi wadhani kifaa kimekufa.

Mwisho wapo watakaosema wazee wetu waliendesha baiskeli miaka nenda rudi bila vifaa hivi, na walifika. Walifika, na anayeendesha kwa burudani mtaani kwake hana sababu ya kununua chochote. Ila wazee hao walipimiwa mengi na mazingira yao: vipuri vilidumu, njia zilikuwa zilezile, na fundi aliijua baiskeli ya kila mtu. Leo soko limejaa vipuri vya ubora usiojulikana, na anayelindwa ni yule tu mwenye kumbukumbu zake. Kwa hiyo, msomaji, ukienda dukani uliza mambo matatu: kinakubali mzunguko kwa milimita, kinarudishiwa jumla ya kilomita, betri yake inapatikana wapi. Majibu yakiwa mazuri, nunua kilicho rahisi kuliko vyote na fedha iliyobaki iweke kwenye tairi nzuri. Pima gurudumu lako kabla ya safari ya kwanza, na kila mwisho wa mwezi andika jumla ya kilomita kwenye daftari, pamoja na kila shilingi uliyompa fundi.